Port Victoria, Busia na Tororo: Bandari Iliyokosa Reli na Lugha Iliyovuka Mpaka

Msomaji akifungua ramani ya Ziwa Viktoria na kufuata ufuo wa Kenya kutoka Kisumu kwenda kaskazini-magharibi, atapita mdomo wa Mto Yala na kinamasi chake, kisha karibu na mdomo wa Mto Nzoia atakuta jina Port Victoria. Ni mji mdogo wa Wanyala wa Bunyala, katika kaunti ya Busia. Jina lake ni kubwa kuliko wenyewe. Wanafunzi wetu wengi hawajawahi kulisikia, na waliolisikia hulijua kwa habari za mafuriko. Hata hivyo, katika miaka ya 1890 wapimaji wa Kiingereza walipochora njia ya reli kutoka Mombasa, hapa ndipo walipodhamiria iishie. Katika makala haya tunaeleza mambo tuliyojifunza katika ziara ya idara kutoka bandari hiyo hadi mpakani Busia na Tororo, na hasa namna historia ya njia za hapo ilivyoamua hatima ya Kiswahili upande huu na ule wa mpaka. Tunaamini jambo hilo linawahusu walimu wa Kiswahili moja kwa moja, maana historia ya lugha yetu inayofundishwa madarasani aghalabu huishia Mombasa, Lamu na Unguja, na bara hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba "misafara ya biashara ilieneza lugha".

Tulianzia ziwani kwa makusudi. Ufuo wa Port Victoria asubuhi umejaa wanawake wanaoanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na mashua zinazokwenda kisiwani Sumba na kwingineko. Nyuma ya mji kuna mashamba ya mpunga, na kando ya Nzoia kuna kingo za udongo zilizojengwa kuzuia mto usiingie vijijini. Mto huingia hata hivyo. Ziwa nalo halina simile. Kati ya 1961 na 1964 maji yake yalipanda zaidi ya mita mbili na kumeza fuo na magati sehemu nyingi, na mwaka 2020 yakafika tena kimo kile kile. Basi anayetafuta mabaki ya bandari ya zamani hapa asitarajie ngome wala misikiti ya mawe kama ya pwani. Ushahidi mwingi umo katika majina, katika kumbukumbu za serikali na katika vinywa vya watu.

Na vinywa hivyo vilitupa somo la kwanza. Mwanafunzi mmoja wetu alimwuliza muuzaji, "Mama, dagaa hawa ni bei gani?" Akajibiwa, "Dagaa ni wa kitabu, mwanangu. Hii ni omena." Ukivuka upande wa Uganda, samaki huyo huyo mdogo ni mukene. Vilevile samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, ambaye Mtanzania humwita sangara, ni mbuta Kenya na mputa Uganda. Kitabu cha kiada kinachoandika "dagaa" na "sangara" peke yake hakijakosea, lakini mtoto wa Port Victoria anaposoma humo hajui kwamba anasoma habari za chakula chake cha jana usiku.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Wazungu, eneo hili lilikuwa na biashara yake. Wasamia walifua chuma kwa mawe ya madini ya vilima vyao, na majembe yao yalinunuliwa mbali. Mashariki yake ufalme wa Wanga ulikuwa umewakaribisha wafanyabiashara Waswahili na Waarabu tangu enzi za Nabongo Shiundu, na makao yake yakawa kituo cha misafara iliyotafuta pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, waliomwongoza, akiwemo mfanyabiashara wa Pangani aliyeitwa Jumba Kimameta, bado walipaita mahali hapo Kwa Sundu, ingawa Shiundu alikwisha kufa na mwanawe Mumia ndiye aliyetawala. Kutoka hapo Thomson aliingia nchi ya Wasamia na kufika ufuoni mwa ziwa mwezi Desemba mwaka huo. Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington alipitia njia hiyo hiyo ya Mumias kuelekea Buganda, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Mabaki yake yalikaa Mumias kabla ya kupelekwa Namirembe mwaka 1892.

Tunalitaja hili kwa sababu moja. Lugha ya misafara hii yote, ya mfanyabiashara, ya mpelelezi na ya mmisionari, ilikuwa Kiswahili. Thomson hakuja na wapagazi kutoka Scotland. Watu waliobeba mizigo, waliopika, waliotafsiri kwa machifu na waliobaki Mumias kuoa na kujenga ndio waliopanda mbegu ya lugha hapa, na Uislamu pia, miaka mingi kabla ya shule ya kwanza ya serikali. Kwa hiyo tukisema kwamba Kiswahili cha Kenya ya magharibi kililetwa na ukoloni, tunasema nusu ya ukweli.

Nusu nyingine inaanza na barabara. Katikati ya miaka ya 1890 Kapteni Sclater alisimamia ukataji wa njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Kibwezi kuelekea Busia, na jina lake bado limeshikamana na njia hiyo. Kabla yake, msafara wa Kapteni Macdonald ulikwisha kupima njia ya reli kati ya 1891 na 1892, na kikomo chake kikapangwa kiwe Port Victoria. Meli ya kwanza ya chuma iliyokusudiwa kwa ziwa, William Mackinnon, ililetwa kwa vipande vichwani mwa wapagazi. Vipande vingine vilitelekezwa njiani kwa miaka, na meli yenyewe haikuelea hadi 1900. Ukitaka kujua maana kamili ya neno mpagazi, fikiria boya la chuma kichwani kutoka pwani hadi Kavirondo.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Ilipokuwa inapanda bara, wapimaji walipata njia fupi zaidi ya kushuka kupitia bonde la Nyando hadi ghuba ya Kavirondo, ambayo iliondoa makumi ya maili na gharama zake. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, mahali palipopewa jina Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa mataruma. Port Victoria ikabaki na jina la malkia bila reli. Bandari moja ikawa jiji, na nyingine ikabaki soko la samaki.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi husahau, nalo ni la msingi. Wakati reli inafika Kisumu, Kisumu ilikuwa Uganda. Port Victoria ilikuwa Uganda. Mumias ilikuwa Uganda. Himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi Naivasha. Mwezi Aprili 1902 jimbo zima la mashariki lilikatwa na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, ili reli iwe chini ya utawala mmoja. Reli iliyoitwa "ya Uganda" ikajikuta inaishia nchi nyingine miezi minne tu baada ya kukamilika. Mpaka mpya ulifuata Mto Sio kutoka ziwani, kisha Mto Malaba hadi Mlima Elgon, na maelezo yake ya kina yakawekwa katika amri ya mwaka 1926. Wasamia wakagawanywa na Sio. Wateso wakagawanywa na Malaba. Hakuna aliyewauliza, na mito yenyewe wakati wa kiangazi huvukwa kwa miguu.

Je, lugha iligawanywa vipi? Upande wa mashariki, Waingereza walitawala kupitia Mumia na jamaa zake. Mumias ilikuwa makao ya utawala hadi 1920, na maajenti wa Kiwanga walipelekwa kuwa machifu miongoni mwa majirani zao. Askari, karani na mfanyabiashara wa Mumias walizungumza Kiswahili, na Kiswahili kikawa lugha ya baraza na ya amri. Upande wa magharibi, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliiteka Bukedi mwishoni mwa miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne iliyofuata kwa ridhaa ya Waingereza. Maajenti wake Waganda waliweka ngome, wakakusanya kodi, na lugha yao ya utawala ikawa Kiganda. Basi kando ya Mto Sio zilikutana lugha mbili za utawala wa kupachikwa, na zote mbili zilikuwa za wageni kwa Msamia, Mteso na Mjopadhola. Ni kosa kuzungumza kana kwamba Uganda ilikataa Kiswahili kwa hiari na Kenya ikakikubali kwa hiari. Mwanzoni mwananchi wa kawaida hakuwa na hiari popote.

Kanisa liliyachanganya mambo zaidi. Biblia kamili ya Kiganda ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1896, na wamisionari wa Kianglikana na wale wa Kikatoliki wa Mill Hill waliingia Kenya ya magharibi kutoka Kampala, wala si kutoka Mombasa. Dayosisi ya Kianglikana ya Uganda iliendelea kuhudumia Kavirondo hadi 1921, yaani miaka 19 baada ya mpaka wa serikali kuhama. Wakristo wa kwanza wa Kiluyia wengi walijifunza kusoma kwa Kiganda. Ukweli huu huwashangaza wanafunzi wetu wa Kenya. Bibi wa bibi yako yawezekana alisali kwa Kiganda huku babu akiamriwa kwa Kiswahili.

Leo mji wa Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na mtu anayekaa hapo kwa siku moja husikia "mulembe" ya Wasamia na "yoga" ya Wateso pande zote mbili. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani huhudumia wasafiri wa nchi mbili mahali pamoja. Familia hazikuungoja mkataba wowote. Mfano unaojulikana zaidi ni wa akina Awori. Moody Awori aliwakilisha Funyula bungeni na akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, na ndugu yake Aggrey Awori aliwakilisha Samia Bugwe katika Bunge la Uganda na kugombea urais wa nchi hiyo mwaka 2001. Baba mmoja, nchi mbili. Hatujui mpaka mwingine Afrika Mashariki wenye mfano kama huo.

Mpaka huu umekuwa mtunzi mzuri wa maneno. Boda boda ni zao lake. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo ambao abiria mwenye mizigo aliuchukia, na vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba abiria kwa kuita kwa Kiingereza kilichosagwa kikawa Kiswahili, "boda, boda!" Simulizi hulihusisha neno hilo na Busia au Malaba, miaka ya 1960 na 1970. Baiskeli zimewapisha pikipiki, na neno limeenea kote Kenya, Uganda na Tanzania na kuingia hata katika sheria. Tuwaombe wanafunzi wa mofolojia watazame jinsi lilivyojipatia ngeli bila msaada wa kamati yoyote. Boda boda hii, boda boda hizi, na dereva wake ni mwanaboda.

Magendo lina historia nzito zaidi. Neno ni la Kiswahili tangu zamani, lakini Waganda ndio waliolipa maisha mapya miaka ya 1970, uchumi wa nchi yao ulipoporomoka chini ya Idi Amin. Kahawa ilivushwa usiku kwenda Kenya, hasa bei ilipopanda duniani mwaka 1976 na 1977, na Chepkube kule chini ya Elgon ikawa soko maarufu. Chumvi, sabuni na sukari zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Magendo ikawa jina la mfumo mzima wa maisha, hata wasomi wakaliandika vivyo hivyo, bila kulitafsiri, katika makala zao za Kiingereza. Njia zenyewe huitwa njia za panya, na zingali zinatumika. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kilichoanza kuvushwa Busia ni kaveera, neno la Kiganda ambalo sasa mchuuzi wa Kenya analielewa bila kufafanuliwa.

Tusije tukaupaka mpaka huu asali. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ya magharibi ni ya Uganda, akitumia ramani ile ya kabla ya 1902 tuliyoieleza. Jomo Kenyatta alijibu kwa ukali, na dai likafifia. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli na meli za ziwani zikagawanywa. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi hapo hapo Busia. Aliyekuwa na shangazi ng'ambo alingoja mpaka ufunguliwe, au alitafuta njia ya panya.

Kutoka Busia tulielekea kaskazini hadi Tororo. Mtu huuona mwamba wa Tororo kabla ya kuuona mji. Ni jabali linalosimama peke yake, kilele chake kikiwa mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na huupanda kwa ngazi. Chini yake ni kiwanda cha saruji kilichoanza miaka ya mwanzo ya 1950. Kwa historia yetu, hata hivyo, lililo muhimu ni reli. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kutoka Nakuru na Eldoret ilivuka mpaka Malaba ikapita Tororo, tawi lake likafika Soroti mwaka 1929, na njia kuu ikaingia Kampala mwaka 1931. Mzigo wa Uganda haukuhitaji tena kupitia ziwani. Kile ambacho Port Victoria ilikikosa mwaka 1901, Tororo ilikipata baada ya miaka isiyozidi 30.

Reli ilikuja na watu wake, nao walizungumza Kiswahili: makarani, mafundi, watandika mataruma na wauza chai wa stesheni. Kiwandani ilikuwa vivyo hivyo, maana wafanyakazi walitoka makabila mengi. Lakini Tororo ina kambi ya jeshi pia, huko Rubongi, na jeshi la Uganda lilirithi Kiswahili kutoka kwa jeshi la kikoloni la KAR. Hapa ndipo lugha yetu ilipoumia. Kwa Mganda wa makamo ambaye alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki, hakuna hotuba ya mwalimu kuhusu umoja wa Afrika Mashariki itakayoifuta sauti hiyo kwa siku moja. Tunadhani walimu wa Kenya na Tanzania hulidharau jambo hili mno wanapowacheka majirani zao kwa kutojua Kiswahili.

Sera nazo zilipanda na kushuka. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala Uganda, na Kabaka Daudi Chwa pamoja na maaskofu wakampinga. Jambo la ajabu ni kwamba kamati iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa huko miaka 10 kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam. Kiswahili sanifu kimelelewa Kampala wakati shule za Kampala hazikukitaka! Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia sana sifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni.

Uamuzi huo unahitaji walimu wengi, na swali ni watatoka wapi. Sisi tunaona kwamba watu wa kwanza kutazamwa wako hapa hapa. Kijana wa Busia au Malaba huzungumza Kiswahili kila siku sokoni, pamoja na Kisamia au Kiteso na pengine Kiganda. Ni kweli kwamba husema "watu ingine" na "pesa iko", na upatanisho wa ngeli humchosha. Tuliwasikia baadhi ya wenzetu wakikiita Kiswahili hicho kibovu. Hatukubaliani nao. Mwenye ufasaha huo anahitaji miezi ya sarufi, ilhali aliyekariri ngeli zote pasipo kuzungumza anahitaji miaka ya mazungumzo. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007, kiko upande mmoja wa mpaka, na cha Alupe, kilichopata hati kamili 2022, kiko upande wa pili. Mwendo kati yao si wa siku nzima kwa gari. Kozi fupi ya walimu inayofundishwa kwa zamu pande zote mbili inawezekana.

Wanafunzi waliokuwa katika ziara wameanza kukusanya orodha ya maneno ya mpakani, wakigawanya ya uvuvi, ya usafiri na ya biashara. Msomaji mwenye gazeti, barua, picha au kumbukumbu nyingine yenye tarehe inayoonyesha neno boda boda likitumika kabla ya 1970, upande wowote wa mpaka, anaombwa aiandikie idara. Tungependa pia kupata majina ya aina za mashua yanayotumika Sio Port, Majanji na Port Victoria, pamoja na maelezo ya jinsi kila moja inavyoundwa.